Ngozi ya Pointi Zangu

Mimi habari za launji sitaki kuzisikia. Wenzangu kazini wakishamiminiwa chai hawachelewi kuanza ubishi wao: kadi ya shirika gani la ndege ni bora, na kwenye hiyo kadi faida kubwa ni ipi. Mmoja atasema ni launji, kile chumba cha kupumzikia chenye makochi na chakula cha bure, kwamba bila hicho safari ni mateso. Mwingine ataapa kuwa ni kuitwa kupanda ndege kabla ya watu wengine. Wa tatu anasema ni kuhamishiwa kiti cha mbele bila kuongeza hela. Wanabishana kama ndugu wanaogawana shamba. Mimi nanyamaza, nakunywa chai yangu, na wao wanajua kwa nini, kwa hiyo hawaniulizi.

Juzi akaja mfanyakazi mpya, hajui lolote, akanigeukia. "Dada, wewe unasafiri kuliko sisi wote. Kwako faida kubwa ni ipi?" Wenzangu wakaanza kuangalia vikombe vyao. Nikamwambia, "Ukitaka jibu langu, funga hiyo kompyuta ukae vizuri, maana si la dakika mbili." Akafunga. Nilichomwambia ndicho hiki.

Kazi yangu ni maharage. Nimezaliwa Endasak, kwenye miteremko ya mlima Hanang, nimelelewa na maharage, nimesomeshwa na maharage, na sasa kampuni moja ya Arusha inanilipa niyakague, niyapange kwa ubora wake, halafu nisafiri nikazungumze na wanunuzi wa nchi za nje. Kuna miezi nilipanda ndege mara nne. Kwa hiyo kadi ilikuja yenyewe. Kwanza ya kawaida, halafu ya fedha, halafu ya dhahabu, na hiyo ya dhahabu nilikaa nayo miaka saba.

Nisijifanye mtakatifu. Niliipenda. Nilipenda kuvuka foleni bila kuangalia watu usoni. Nilipenda kilo za ziada, maana mwenzenu nilikuwa nabeba sampuli za maharage kwenda na viatu kurudi. Nilipenda yule mhudumu anayenijua kwa jina, aniulize, "Kama kawaida?" na mimi nijibu, "Kama kawaida," wakati kwetu nilikotoka hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nataka nini kwenye chai. Mtoto wa mkulima akipewa kiti cha mbele hasahau, asiwadanganye mtu.

Kosa langu nililifanya nyumbani, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikwenda kuwasalimia wazazi wakati wa mavuno, baba akaona kibandiko cha kadi yangu ya dhahabu kwenye begi langu. Akakigusa kwa ncha ya fimbo. "Hiki ni cha nini?" Nikaanza kumweleza: kila nikisafiri na hao watu wananiandikia pointi, pointi zinakaa kwao zinazaana, siku nikiwa na shida naziita, wananipa tiketi. Nikaona haelewi. Nikatafuta mfano, na mfano ulikuwa pale pale karibu. Nikamwambia, "Baba, ni kama wewe na ng'ombe wako wa Gendabi."

Huo mfano ndio ulioniponza. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe haweki wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukija, au ukame, utamaliza wote kwa mpigo. Kwa hiyo unampelekea rafiki mmoja huku, mwingine kule. Rafiki anachunga, maziwa anakunywa yeye na watoto wake, lakini ng'ombe anabaki wako, na uzao wake ni wako, isipokuwa ndama mtakayekubaliana umpe kama ahsante. Baba alikuwa na rafiki mfugaji wa Kibarbaig kule Gendabi, aliyekaa na ng'ombe wake miaka. Hawakuwahi kuandikiana hata karatasi moja. Na sheria kubwa ni hii: ng'ombe akifa, mtunzaji anakuletea ngozi. Hakupigii tu simu kusema amekufa. Anakuletea ngozi uione, uiguse, ujue hakumuuza wala hakumla kwa siri. Mwaka mmoja wa ukame yule rafiki alikuja na ngozi imefungwa nyuma ya pikipiki, akaitandika mbele ya baba, wakakaa pale wakaisikitikia pamoja, wakanywa chai, akaondoka. Basi, yakaisha.

Baba akatikisa kichwa akasema, "Sasa nimeelewa. Una ng'ombe kwa watu wa ndege." Akafurahi kweli kweli. Jumapili ile ile akawaambia watu nje ya kanisa.

Mwaka uliofuata, msimu wa kung'oa maharage, mama aliteleza mteremkoni na mzigo kichwani akaanguka kwa ubavu. Nyonga ikavunjika. Hospitali walimlaza, wakamfungia mawe ya kuuvuta mguu wiki nyingi, wakamruhusu, lakini mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Alirudi nyumbani hawezi kukaa kwenye kiti hata saa moja. Alilala kwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukuta. Mimi ndiye binti pekee, kaka zangu wana wake zao na kila mmoja ana mashamba yake, na kuna mambo ya mama ambayo mtoto wa kiume hafanyi. Nikaomba likizo isiyo na malipo. Wakanipa miezi mitatu. Nikaongeza mingine mitatu, halafu mingine.

Mama yangu si mtu wa kulala. Ni mwanamke aliyezoea kuamka kabla ya jogoo na kugombana na kila kitu: kuku, mvua, jembe, mimi. Kumwona anaomba maji kwa sauti ndogo kulinitia hasira kuliko huzuni. Nilimgeuza, nikamwosha, nikamlisha, na yeye alinitukana kidogo kila nikimgeuza, nami nilishukuru kwa yale matusi kwa sababu yalikuwa ya mama ninayemjua.

Ndipo daktari mmoja Arusha akatuambia kuna njia. Anakuja bingwa wa mifupa kutoka nje, atakuwa hospitali moja ya Dar es Salaam kwa wiki moja tu, anabadilisha nyonga. Akatuombea nafasi, tukaipata, na upasuaji wenyewe hautozwi kitu. Lakini akaonya: huyu mama asipandishwe basi kwenda Dar. Kwa gari, alazwe chali, mpunguze mwendo, mpumzike Babati, mnaweza kumfikisha uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Zaidi ya hapo ule mfupa hautavumilia. Kufikia siku ya upasuaji zilikuwa zimebaki wiki tatu. Akiikosa hiyo, bingwa akiondoka, hakuna aliyejua atarudi lini, na mama angebaki anasikiliza ukuta mpaka siku anakufa. Hilo tulilielewa wote, na mama zaidi ya wote.

Watu wa jumuiya ya kanisa wakaja nyumbani na daftari. Kwetu mtu akiugua mnachangishana, hakuna cha kuona aibu, leo kwako kesho kwangu. Walikuwa wameshaanza kuandika majina, wengine hela, wengine debe la mahindi. Baba akasimama na koti lake, akawashukuru sana, halafu akawaambia warudi nyumbani na vitu vyao. Akasema kuna wagonjwa wasio na kitu, wapewe hao. Nauli ya mke wake ipo. Binti yake ana ng'ombe kwa watu wa ndege.

Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia, na Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri. Nilijua pointi zipo nyingi, zinatosha tiketi mbili za mbele, vile viti mtu ananyoosha mguu. Nikasema moyoni, sasa ndiyo siku yake. Miaka yote ile ya kulala kwenye viwanja vya ndege ilikuwa kwa ajili ya siku hii. Kesho yake nikapanda kilimani panaposhika mtandao, nikafungua akaunti yangu kwenye simu. Ilikuwa imeandikwa sifuri.

Nilidhani ni mtandao. Nikafunga, nikafungua. Sifuri. Na ile rangi ya dhahabu imeondoka, nimerudishwa kwenye kadi ya kawaida kama mtu aliyejiandikisha jana. Nikasoma masharti, yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayasoma akiwa na afya: mwanachama akikaa miezi kumi na miwili bila kusafiri nao, pointi zote zinafutwa. Mimi nilikuwa nimekaa miezi kumi na miwili na siku kumi na moja.

Barua pepe ya onyo waliituma, sikatai. Nilipoitafuta niliiona, na nikakumbuka iliingia siku gani. Siku hiyo nilikuwa nimeshika beseni kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Nilisoma kichwa cha barua tu, kilichosema, "Tumekukumbuka!" Nani angejua kwamba hayo ni maneno ya kuua?

Nikapiga simu. Muziki. Nikapiga tena, muziki ule ule, kisha mtu akanisikiliza vizuri, akanipa pole, akaniambia mfumo hauruhusu. Nikaandika barua. Jibu likaja baada ya siku nne, likinipa pole na kuniambia mfumo hauruhusu. Siku nne nzima kwa maneno ambayo ningeweza kujiandikia mwenyewe. Zilipobaki siku kumi na mbili, ilibidi nimwambie baba.

Nilitegemea atakasirika. Aliniuliza tu, "Zimekufa?" Nikasema ndiyo. "Zote?" Nikasema zote. Akasema, "Tutakwenda Arusha. Wanionyeshe ngozi."

Nilimwomba asiende. Nilimweleza kwamba ile ilikuwa mfano tu, kwamba hawa si watu wa aina hiyo. Akaniambia, "Wewe mwenyewe uliniambia ni kama ng'ombe wa Gendabi. Ulinidanganya?" Nilimwacha mama na mke wa kaka, nikapanda gari la asubuhi na baba yangu, amevaa koti la kanisani na fimbo mkononi, na mimi njia nzima naomba ile ofisi iwe imefungwa.

Ilikuwa wazi. Foleni ya watu kama saba, viyoyozi, picha za fukwe ukutani. Tulipofika kaunta, dada aliyekuwa pale akainuka kidogo kwa heshima. "Shikamoo baba." "Marahaba, binti. Nimekuja kwa habari ya ng'ombe wa mwanangu." Nikaingilia haraka, nikaeleza habari ya pointi. Yule dada akaangalia kwenye kompyuta yake, akabofya, akabofya, akasema kwa upole, "Pole sana dada. Zimekufa tangu mwezi uliopita."

Baba akaegemeza fimbo kwenye kaunta. "Sawa. Ngozi iko wapi?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Baba hakuwageukia. Akamweleza yule dada pole pole, kwa Kiswahili chake kizito cha kwetu, kwamba mtu ukimwekea mali yako akaitunza, na yeye akanywa maziwa yake miaka saba, haiwezekani ikafa kwa sababu tu hukwenda kuitazama. Mwenye mali anaweza kuugua. Anaweza kuuguliwa. "Mimi nilikaa miaka mitatu sijakanyaga Gendabi, kifua kilinisumbua. Nilipokwenda nilikuta ng'ombe na ndama. Sasa nyie mnasema mali imekufa kwa sababu mwenyewe alikuwa anamtunza mama yake. Nani alikuwepo ilipokufa? Imezikwa wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nasema ukweli, kwa dakika moja nilimwonea aibu baba yangu. Nyuma yangu alikuwepo bwana mmoja mwenye kibandiko cha dhahabu kwenye begi, kile kile changu, anacheka mpaka mabega yanaruka, halafu akamwambia mwenzake, "Hawa watu wa porini wananimalizia siku." Aibu yangu ikaisha pale pale. Nikamgeukia. Nikamwambia, "Kaka, cheka vizuri, maana na zako zinakuja. Ugua miezi kumi na miwili uone kama kuna mtu humu ndani atakuletea hata uji." Akaacha kucheka. Baba akaniambia kwa lugha yetu nisipigane na watu tusiowajua.

Meneja akatoka. Kijana safi, tai, tabasamu. Alisema anaelewa hali yetu, na kwamba ipo njia: nikisafiri nao mara mbili ndani ya siku thelathini, pointi zinaweza kufufuliwa. Nikamuuliza zitafufuka lini. Akasema baada ya ukaguzi, kama wiki sita.

"Mama yangu anapasuliwa baada ya siku kumi na moja," nikasema.

"Tunaelewa, mama. Lakini ukizingatia uaminifu wako kwetu..."

Pale nikawaka. Nikamwambia asilitaje hilo neno. Miaka saba nimewaacha washindani wao, nimekubali ndege za saa mbaya, nimezunguka nchi mbili ili nifike ya tatu, ili tu pointi zikae sehemu moja. Huo ndio uaminifu, na nimeufanya mimi. Wao wamefanya nini? Wamenipa karanga. "Mnauita mpango wa uaminifu, na mwaminifu ndani yake ni mmoja tu." Nikamwambia wiki zake sita akae nazo, sitapanda ndege mara mbili bila sababu na kumwacha mama kitandani ili nifufue mali yangu mwenyewe. Sauti yangu ilisikika mpaka barabarani, baba aliniambia baadaye. Sijutii hata neno moja.

Meneja akarudi ndani. Tulipokuwa tunaondoka, yule dada wa kaunta akatufuata mlangoni na karatasi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hawezi kurudisha pointi, lakini kuna vitu hatuhitaji kadi yoyote kuvipata. Kiti cha magurudumu anapewa mtu yeyote anayeomba, si cha dhahabu wala cha fedha. Kwa barua ya daktari mama angepewa siti ya mstari wa kwanza wa daraja la kawaida, anyooshe mguu. Akatuandikia siku ambayo tiketi ni rahisi. "Kwenye tovuti haya yapo chini kabisa," akasema, "watu hawafiki huko." Baba akamshika mkono akamwambia asante binti. Hiyo ndiyo ngozi pekee tuliyoipata Arusha, na aliitoa mtu asiyekuwa na ng'ombe wetu.

Lakini tiketi rahisi nayo ni hela. Mshahara wangu ulikuwa umesimama karibu mwaka, akiba yote imekwenda hospitali, na kurudi kwa jumuiya kuomba mchango alioukataa mbele ya watu, baba hakuweza. Nilimwambia nitakwenda mimi. Akasema hapana, yeye ndiye aliyetoa maneno, maneno hayamezwi. Akachukua simu yake ya batani, akatoka nje, akampigia rafiki yake wa Gendabi. Hawakuongea hata dakika mbili.

Siku ya tatu yule mzee akatokea barabarani kwa miguu, shuka begani, na fimbo yake. Mbele yake walitembea ng'ombe watatu: yule wa baba na uzao wake wawili, mtamba na dume kubwa, wote wamenona. Hakuna aliyeuliza kama baba alikwenda kuwaona mwaka ule. Hakuwa amekwenda. Mzee akaingia ndani akamsalimu mama pale kitandani, akakaa naye kidogo, akatoka akamwangalia baba.

"Nimesikia ulifukuza mchango," akasema. "Uliwaambia watu una ng'ombe angani."

"Nilidhani," baba akasema.

"Wa angani nani anawachunga?" Akacheka sana, na baba akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Arusha. Nami niliyekuwa nimebanwa na hasira wiki nzima nikajikuta nacheka mpaka machozi. Baba akamwambia achague mmoja, ni haki yake kwa miaka yote ile. Mzee akakataa. Akasema, "Mama akitembea, ndipo tuzungumze ndama. Sasa hivi uza." Akanywa chai akarudi kwao.

Dume lile liliuzwa mnadani Katesh. Likatosha tiketi mbili na likabakiza nauli ya gari la kumlaza mama mpaka uwanjani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Walimu walituandikia hiyo ubaoni, na mimi nikaipita kama watoto wengine, nikaja kuielewa nina miaka arobaini na mbili.

Uwanja wa ndege wakaleta kiti cha magurudumu kama yule dada alivyosema. Wakatangaza wateja wa dhahabu wajiandae, nao wakajipanga, wamenyooka, kila mmoja na begi lake dogo. Lakini kabla yao akapita mama yangu na khanga zake, anasukumwa, mimi nyuma nimebeba kapu. Mama akawageukia wale watu waliosimama akaniuliza kwa lugha yetu, "Hawa wamekosa nini?" Nikamwambia hawajakosa kitu, wanasubiri. Akawaonea huruma.

Kiti kile cha mstari wa kwanza hakikuwa cha dhahabu, lakini mguu ulinyooka. Ndege ilipopaa alinishika mkono kwa nguvu, akafumba macho, akasali mpaka tunatua. Akapasuliwa siku iliyopangwa. Bingwa akasema tungechelewa zaidi asingeahidi kitu.

Basi, nikamwambia yule mfanyakazi mpya, umeniuliza faida kubwa ni ipi. Launji ni supu ya bure tu. Kupanda wa kwanza ni kwenda kukaa na kuwasubiri wengine, mtafika pamoja. Kilo za ziada ni nzuri, kiti cha mbele ni kizuri sana, sibishi. Lakini ukitaka kuwajua watu wa kadi yako, usiulize watakupa nini ukiwa unaruka kila wiki. Uliza mali yako inakaa siku ngapi ukiwa umelala, au unamuuguza mtu wako. Mashirika mengine pointi zake hazifi. Tafuta hayo. Mengine yote ni karanga. Mimi tangu siku ile wakiniuliza kaunta, "Una namba ya uanachama?" najibu sina. Wenzangu wanasema naumia bure, pointi zingekuwa zimejaa tena. Waache waseme. Sipeleki ng'ombe kwa mtu asiyejua kuleta ngozi.

Akaniuliza, "Na mama?"

Mama alirudi Endasak na magongo mawili, halafu moja. Mazoezi alifanyishwa na mke wa kaka, maana mimi nilikuwa nimerudi kazini, na mama alimtukana na yeye vile vile. Mwezi uliopita nilikwenda mwisho wa wiki. Jumatatu nilikuwa na ndege ya mchana, mkutano na wanunuzi, tiketi ya bei ya chini kabisa, ile ambayo ukiikosa imekwenda, hakuna kubadilisha, hakuna kurudishiwa. Gari la kunipeleka lilikuwa limeshasimama nje. Nikaingia kumuaga mama, kitandani hayupo.

Nikamkuta mlango wa jiko, amesimama, gongo kaliacha ukutani, kikombe cha chai mkononi. Nikakimbia kumpokea. "Kaa chini," akasema. Nikamwambia mama, gari linasubiri. "Nimesema kaa."

Nikakaa kwenye kigoda upande wa pili wa ua. Akaanza kuja. Hatua moja, anasimama. Hatua nyingine, anasimama, anakiangalia kikombe, sio miguu. Dereva akapiga honi. Baba akatoka ndani akasimama akimwangalia. Alipofika kwangu nusu ya chai ilikuwa imemwagika, na mkono umeungua. Nikanywa iliyobaki. Akachukua kikombe, akaniambia, "Hiyo haijatosha, ngoja," akageuka kurudi jikoni.

Honi ikapigwa tena. Nikamwambia dereva azime gari.